Wanafunzi wangu wanajua kukokotoa, lakini mchoro wa mtandao hawauelewi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu kijana katika chuo kimoja mkoani Morogoro. Nafundisha usimamizi wa miradi kwa wanafunzi wa stashahada, mwaka wa pili, wengi wao wa maendeleo ya jamii na wachache wa ugavi. Darasa lina wanafunzi kama 80, na mada inayonikosesha usingizi ni moja: michoro ya mtandao, ile inayoonyesha shughuli ipi ya mradi inaitangulia ipi.

Nimefuata njia ya vitabu. Nawapa jedwali lenye herufi za shughuli, muda wa kila shughuli na shughuli inayotangulia. Nawaonyesha ubaoni jinsi ya kuchora, jinsi ya kuhesabu kwenda mbele na kurudi nyuma, kisha jinsi ya kupata njia nyeti, yaani mfululizo wa shughuli wenye siku nyingi zaidi, unaoamua mradi utaisha lini. Tukiwa pamoja wanaitikia vizuri. Nikibadilisha jedwali hata kidogo, wanapotea. Katika jaribio la juzi wengi walipanga shughuli zote kwenye mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine. Wengine walichora sawasawa, lakini walipoulizwa njia nyeti ni ipi wakataja ile yenye shughuli nyingi zaidi. Mmoja, binti mwenye bidii sana, alipata kila namba. Nikamuuliza zile siku tatu za ziada alizoandika zina maana gani kwa msimamizi wa mradi. Akakaa kimya, halafu akasema: "Ni namba ya chini ukitoa ya juu, mwalimu."

Zaidi ya hayo, vitabu vyetu havikubaliani. Kimoja kinaweka shughuli kwenye mshale, kingine kwenye kisanduku. Kimoja kinaanza hesabu siku ya 0, kingine siku ya 1. Wanafunzi wananiuliza kipi ni sahihi. Mkuu wangu wa idara anashauri nitumie programu ya kompyuta ili mada iishe upesi. Na kuna jambo la lugha: mtihani ni wa Kiingereza, lakini wakijadiliana kwa Kiswahili naona nyuso zinachangamka. Je, nitakuwa nawaharibia?

Ni vijana wenye akili, na wengi watakwenda kusimamia miradi ya visima, zahanati na madarasa huko vijijini. Sitaki waondoke na mada hii vichwani kama wimbo wa kukariri. Naomba ushauri.

Mwalimu kijana, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole na kazi, na hongera kwa kuwaonea uchungu wanafunzi wako.

Jibu la yule binti nimelisoma zaidi ya mara moja. Hakukosea. Hesabu yake ni sahihi, na kwenye mitihani mingi ingempa alama zote. Ila kwake mchoro ni fomu ya kujaza. Hajawahi kuutumia kusema jambo lolote kuhusu kazi. Sababu, kwa maoni yangu, iko kwenye lile jedwali unaloanzia. Linamfikia mwanafunzi likiwa limeshamaliza sehemu ngumu kuliko zote: mtu fulani ameshaamua kwamba E haianzi mpaka C na D ziishe. Kwa nini? Mwanafunzi hajui, wala hawezi kubisha, maana E ni herufi tu. Kilichobaki kwake ni kujumlisha na kutoa, na hicho anakiweza.

Kila mshale kwenye mchoro ni dai: kazi hii haiwezekani kabla ile haijaisha. Ambaye hajawahi kutoa dai la namna hiyo mwenyewe na kulitetea mbele ya wenzake hawezi kulisoma kwenye mchoro wa mtu mwingine. Kwa hiyo kipindi cha kwanza kisiwe na herufi wala namba. Kiwe cha kubishana.

Chagua kazi ambayo wote wameiona kwa macho. Kwa Morogoro sioni nzuri kuliko ujenzi wa fremu moja ya duka. Hata ambaye hajawahi kushika mwiko amepita mara nyingi pembeni ya mafundi. Kata karatasi za manila ziwe kadi. Gawa darasa makundi ya watu wanane, na kila kundi lipewe kadi tisa zilizochanganywa: kusafisha kiwanja na kupima, kuchimba msingi, kufyatua tofali na kuziacha zikomae, kujenga msingi wa mawe, kupandisha kuta, kutengeneza mlango na grili kwa fundi wa kuchomelea, kupaua, kufunga mlango na grili, kupiga plasta. Wazipange sakafuni na wachore mishale kwa chaki.

Swali la kuuliza juu ya kila kadi ni hili: ni kitu gani lazima kiwe kimeisha ndipo kazi hii ianze? Wengi watakujibu kwa mazoea, kwamba kwa kawaida fundi akimaliza msingi ndipo anafyatua tofali. Warudishe kwenye lazima. Je, tofali haziwezi kufyatuliwa upande huu wa kiwanja huku upande ule msingi unachimbwa? Zinaweza. Na fundi wa kuchomelea, akishapewa vipimo kwenye ramani, ana sababu gani ya kungoja hata kiwanja kisafishwe? Hana. Hapo ndipo ule mstari mmoja mrefu uliokusumbua kwenye jaribio unapokatika, tena wanaukata wenyewe bila wewe kuwaambia kwamba ni kosa.

Haya mabishano yafanyike kwa Kiswahili, bila wasiwasi wowote. Mtu anabisha vizuri kwa lugha anayoijua kazi yenyewe kwayo, na msamiati wa ujenzi wote wanao: lenta, kupaua, plasta, mkanda. Kundi likishakubaliana juu ya mishale yake, siku hiyohiyo waandike pembeni mwa kila kadi istilahi watakazokutana nazo kwenye mtihani, na kipindi kinachofuata mmoja wao ausimulie mchoro kwa Kiingereza. Hapo atakuwa anaeleza kitu alichokwisha kukielewa, jambo ambalo ni jepesi kuliko kuelewa na kutafuta maneno kwa wakati mmoja.

Kuna ubishi utakaotokea ambao ningependa uwe umejiandaa nao, maana ndani yake kuna nusu ya mada. Mwanafunzi mmoja atasema kwao msingi hujengwa kwa tofali, si mawe. Yuko sawa, na mchoro wake utakuwa na mshale mmoja zaidi, kutoka tofali kwenda msingi. Asifute. Muache aone baadaye mshale huo mmoja unagharimu siku ngapi. Mwingine atasema: fundi wetu ni mmoja na saidia wake, hawezi kuchimba msingi na kufyatua tofali kwa pamoja. Huyo naye yuko sawa, lakini anazungumzia jambo la aina nyingine. Mshale wake hautokani na asili ya kazi, unatokana na uchache wa watu; ukiongeza fundi unafutika. Mpe chaki ya rangi nyingine auchore. Wanafunzi wakizoea kutenganisha mishale ya aina hizi mbili mapema, wataokoka makosa mengi kazini, kwa sababu mshale wa kwanza huwezi kuuondoa kwa kuongeza mafundi na wa pili unaweza.

Baada ya hapo ndipo zije herufi na namba. Mchoro wa msingi wa mawe, mafundi wakiwa wa kutosha, uwe hivi:

A, kusafisha kiwanja na kupima: siku 2, haitanguliwi na kitu.
B, kuchimba msingi: siku 3, baada ya A.
C, kufyatua tofali na kuziacha zikomae: siku 10, baada ya A.
D, kujenga msingi wa mawe: siku 4, baada ya B.
E, kupandisha kuta hadi juu ya lenta: siku 6, baada ya C na D.
F, kutengeneza mlango na grili: siku 8, haitanguliwi na kitu.
G, kupaua: siku 4, baada ya E.
H, kufunga mlango na grili: siku 2, baada ya E na F.
I, kupiga plasta: siku 5, baada ya G na H.

Usiwafundishe bado hesabu ya kwenda mbele. Waambie kwanza wafuate mishale kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kila namna inayowezekana, na wajumlishe siku. Njia ziko tano tu. A, C, E, G, I ni siku 27. A, C, E, H, I ni siku 25. A, B, D, E, G, I ni siku 24. A, B, D, E, H, I ni siku 22. F, H, I ni siku 15.

Sasa simama nao hapo kwa muda. Njia zenye shughuli nyingi kupita zote ni mbili, kila moja ina shughuli sita, na iliyo ndefu kati yake ni ile ya A, B, D, E, G, I. Lakini si hiyo inayoamua mwisho wa kazi. Inayoamua ina shughuli tano na ni ndefu kwa siku tatu. Wale waliotaja njia ya shughuli nyingi kwenye jaribio lako hawatahitaji maelezo mengine. Tena kuna la kushangaza zaidi: msingi, kazi ambayo kila mwenye nyumba huisimamia kwa macho mekundu, haumo kwenye njia nyeti. Tofali zimo. Waulize msimamizi angekuwa amesimama wapi wiki ya kwanza, kwenye mtaro wa msingi au kwenye rundo la tofali linalohitaji kumwagiliwa. Nimeona swali hili likigeuza darasa zima, kwa sababu ni mara ya kwanza mchoro unawaambia kitu ambacho hawakukijua.

Kuorodhesha njia kunafaa kwa mchoro mdogo. Mchoro wa shughuli 40 unaweza kuwa na njia mamia, na ndiyo maana tunahitaji hesabu ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Waambie sababu hiyo waziwazi. Wasidhani ni desturi ya walimu. Kwenda mbele kuna sehemu moja tu ya kukwama, nayo ni pale mishale miwili inapokutana. Kwenye E, tofali zinakamilika siku ya 12 na msingi siku ya 9. Tunachukua 12. Ni sawa na kikundi kilichokodi basi la kwenda harusini: haliondoki mpaka wa mwisho afike. Kwa hiyo E inaanza 12 na kuisha 18, G inaisha 22, H inaweza kuisha 20, na I inaanza 22 na kuisha 27.

Kurudi nyuma, swali linageuka. Hatuulizi tena "mapema kabisa ni lini", tunauliza "nikichelewa mpaka lini bila kuharibu ile siku ya 27". Plasta lazima ianze 22. Kupaua lazima kuanze 18. Kufunga grili kunaweza kungoja hadi 20. Je, kuta zimalizike lini? Mwanafunzi aliyekariri atauliza achukue ndogo au kubwa. Aliyeelewa atasema: mpauaji anazitaka siku ya 18 na fundi wa grili anazitaka siku ya 20, basi nimpelekee anayezitaka mapema. Ni 18. Ukiendelea hivyo utapata B inaweza kuanza hadi siku ya 5, D hadi siku ya 8, F hadi siku ya 12, na zile za njia nyeti hazina hata siku moja ya kuchezea.

Tufike kwa binti yako na siku zake tatu. Hapa ningetumia muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa maana ndipo msimamizi wa mradi anapoishi. B inaweza kuanza mapema siku ya 2 na inaweza kungoja hadi siku ya 5, basi ina siku tatu za ziada. D nayo ina siku tatu. Uliza darasa: jumla ni siku sita? Wengi watasema ndiyo. Mwite mwanafunzi mmoja awe mchimba msingi, achelewe siku tatu. Amalize siku ya 8 badala ya 5. Mwite mwingine awe fundi wa mawe. Amebakiwa na siku ngapi? Hana hata moja. Zile siku tatu zilikuwa za njia nzima, si za kila mmoja, na aliyetangulia amezitumia zote. Mpaka mwanafunzi aone mwenzake akinyang'anywa siku zake mbele ya darasa, ile safu ya mwisho ya jedwali haisemi kitu.

F inafundisha jambo hilohilo kwa sura nyingine. Ina siku 12 za ziada, lakini ni 10 tu ambazo fundi wa kuchomelea anaweza kuzitumia bila kumgusa mtu. Akitumia 12, mfungaji wa grili anapoteza zile siku zake mbili. Tofauti ya ziada ya jumla na ziada huru, ambayo vitabu huieleza kwa kanuni mbili zinazofanana mno, ni hiyo tu: ya kwanza inalinda mwisho wa mradi, ya pili inamlinda jirani anayenifuata.

Kisha wape mtego huu. Mwenye fremu ana haraka, anaamua kununua tofali zilizokwisha komaa. C inashuka kutoka siku 10 hadi siku 1. Ameokoa siku tisa. Fremu itaisha lini? Usikubali jibu la siku ya 18. Njia ya msingi iko palepale na siku zake 24, na sasa ndiyo ndefu kuliko zote. Ameokoa siku tatu tu, na siku sita zilizobaki hazikumpatia kitu. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini, kwa maneno yake, ameielewa mada hii, hata kama mkono wake bado unatetemeka kwenye kuchora.

Na wale wabishi wa kipindi cha kwanza usiwasahau. Mwenye msingi wa tofali atapata siku 31. Mwenye fundi mmoja, akiweka B, D na C kwenye mkono mmoja, atapata siku 34. Lakini huyu wa pili mpe kazi ya ziada: avunje C iwe mbili, kufyatua siku 3 na kukomaa siku 7. Tofali zikikomaa zinahitaji kumwagiliwa tu, hazimhitaji fundi kutwa nzima. Basi fundi afyatue kwanza, amalize siku ya 5, ndipo aingie kwenye msingi hadi siku ya 12, siku ileile tofali zinapokuwa tayari. Kazi inarudi siku 27 na fundi yuleyule mmoja. Hakuna kilichoongezwa ila kuangalia kazi kwa karibu zaidi. Ila sasa msingi nao hauna siku ya ziada. Kila kitu isipokuwa mlango na grili kimebana. Ningependa sana wanafunzi wa maendeleo ya jamii walione hili, kwani miradi ya vijiji mara nyingi ina fundi mmoja na bajeti isiyoongezeka.

Kuhusu vitabu kutokubaliana. Mbinu hizi zilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. James Kelley wa kampuni ya Remington Rand na Morgan Walker wa kampuni ya DuPont walitengeneza ile ya njia nyeti, na mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani likaja na mbinu ya makadirio matatu kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris. Zote mbili zilichorwa kwa mishale na vituo: shughuli ni mshale unaotoka kituo kimoja kwenda kingine. Mwaka 1961 John Fondahl wa Chuo Kikuu cha Stanford akaeleza namna ya kuweka shughuli ndani ya kisanduku, akiwalenga wajenzi waliohitaji kukokotoa kwa mkono bila kompyuta. Nchini Ufaransa Bernard Roy alikuwa ameshafika mahali kama hapo kwa njia yake. Kwa hiyo hakuna kitabu chako kinachokosea. Ila kati ya hizo mbili anza na visanduku, kwani kadi zako za manila tayari ni visanduku, na mwanafunzi aliye mezani na penseli ndiye hasa Fondahl aliyemfikiria.

Kama mtaala wako unadai shughuli kwenye mishale pia, usiogope shughuli bandia, yaani mshale usio na kazi wala siku unaoonyesha tu nani anamngoja nani. Fremu yetu ina mahali pamoja tu inapohitajika, na panajieleza. Kupaua kunangoja kuta peke yake. Kufunga grili kunangoja kuta na grili zenyewe. Ukifikisha mshale wa kuta na mshale wa fundi wa kuchomelea kwenye kituo kimoja, utakuwa umemlazimisha mpauaji angoje grili, jambo ambalo si kweli. Basi kuta ziishie kwenye kituo chao, kupaua kuanzie hapo, na mshale wa nukta usio na siku utoke hapo kwenda kwenye kituo ambapo F imeishia na H inaanzia. Mwanafunzi akiuona mshale wa nukta kama njia ya kusema ukweli kuhusu nani anamngoja nani, hauuweki ovyo tena.

Siku ya 0 au siku ya 1, yote sawa ilimradi usichanganye. Kwenye hesabu yetu 2 ni mwisho wa siku ya pili, basi A inaisha 2 na B inaanza 2. Anayeanza na 1 atasema A inachukua siku ya 1 na ya 2, na B inaanza asubuhi ya siku ya 3. Siku za ziada hazibadiliki hata kidogo, na njia nyeti ni ileile. Chagua moja, iandike juu ya ubao, na kwenye karatasi ya mtihani uitaje ndani ya swali.

Kama mada ya makadirio matatu imo kwenye muhtasari wako, usiilete na jedwali jipya. Waulize zile siku 10 za tofali zilitoka wapi. Mambo yakienda vizuri ni 8, kwa kawaida ni 9, mvua za masika zikikukuta ni 16. Zidisha ya kati kwa nne, jumlisha na mbili za pembeni, gawa kwa sita: 60 kwa 6, jibu 10. Mvua ndiyo iliyoivuta juu ya 9, na hilo kila mkazi wa Morogoro analielewa.

Mkuu wako wa idara ana nia njema, na programu ina nafasi yake. ProjectLibre haina malipo, na chuo kikiwa na Microsoft Project ni vizuri pia. Lakini programu haiulizi kama mshale ni wa kweli. Ukiiambia plasta itangulie kupaua, itakukokotolea bila kusita, tena kwa rangi nzuri. Mpendekezee hivi: programu ije baada ya makundi kumaliza mchoro wao kwa mkono, na zoezi la kwanza liwe kuingiza fremu hiyohiyo na kuona kama 27 inatoka. Isipotoka, watafute mshale upi umekosewa au umesahaulika. Kuhusu muda, mwambie kwamba kipindi cha kadi hakiongezi wiki kwenye mada. Kinachukua nafasi ya vile vipindi vya marudio ambavyo unavitumia sasa kila jedwali likibadilika.

La mwisho ni usahihishaji, ambalo hukuliuliza lakini ndilo linaloamua wanafunzi watasoma nini. Ukitoa alama zote kwa namba, watakariri namba. Gawanya alama: sehemu kwa mishale, sehemu kwa hesabu, na sehemu kwa sentensi mbili tatu za maelezo, mfano mwenye mradi anauliza kama anaweza kumruhusu fundi wa mawe aende msibani siku mbili, nawe umshauri. Mwanafunzi aliyekosea kunakili muda wa D akaandika 5 badala ya 4, kisha akafuata hesabu yake vizuri hadi mwisho, apoteze alama ya kunakili tu. Mradi wake bado utaisha siku ya 27, na siku za ziada za msingi zitakuwa mbili badala ya tatu. Ruhusa ya msibani bado itawezekana, ila hatakuwa amebakiwa na siku hata moja, na akiliandika hilo kwenye ushauri wake mpe alama zote za maelezo.